Kuuza yoti ya matanga ambayo pia ni nyumba yako

Yoti tuliyouza ilikuwa ya futi 38, mlingoti mmoja, mkuku mrefu (uti wa chini unaokiweka chombo wima), na tuliishi ndani yake miaka 6. Mtu wa kwanza aliyekuja kuitazama hakuuliza habari za matanga wala hakusifu mbao za ndani. Alipiga magoti, akainua ubao wa sakafu, akatumbukiza mkono kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika, akaunusa. Kisha akainuka, akashukuru, akaenda zake. Nilinuna siku nzima. Jioni nikainua ubao uleule nikanusa mwenyewe: dizeli, maji yaliyolala, na harufu nyingine ambayo pua zetu zilikuwa zimeshaizoea.

Mnunuzi wa chombo kilichotumika huja na hofu. Kila hofu usiyoijibu, ataijibu mwenyewe kwa kukata bei au kwa kutorudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuuza hufanyika kabla tangazo halijatoka.

Hatua ya 1: Hama

Wanaoishi chomboni huiruka hatua hii, na hapo ndipo miezi inapopotea. Kila sanduku chini ya kitanda lina vipuri, kila kabati lina mikebe, na mnunuzi anayetaka kuona valvu ya maji ya bahari, ile inayofunga tundu kwenye mwili wa chombo, inabidi asubiri uhamishe magunia mawili na baiskeli ya kukunja. Hatasubiri. Ataondoka akiamini kuna kitu unakificha. Kama huwezi kuhama kabisa, peleka mizigo ghalani au kwa ndugu, kila mtu abaki na begi moja.

Tulipotoa vyetu, chombo kilipanda majini kiasi cha vidole viwili. Nilijua tuna vitu vingi, lakini sikujua kama tulikuwa tukisafiri na shehena. Mnunuzi mzoefu hutazama mstari wa maji akiwa bado gatini, na chombo kilichokaa chini humwambia mengi kuhusu mwenyewe.

Halafu harufu. Osha ngama kwa sabuni, ikaushe kabisa, weka trei safi chini ya injini. Mabomba ya choo yakishazeeka huvujisha harufu hata kama hayavujishi maji. Kuyapima, lowesha kitambaa kwa maji ya moto, sugua bomba, kisha unuse kitambaa. Kikinuka, badilisha bomba. Usipulize manukato, maana mtu akisikia manukato chomboni huanza kutafuta yanaficha nini. Mwite rafiki asiyeishi majini aje anuse, kwa sababu pua yako haiaminiki tena.

Ukiwa unapakua, andika orodha mbili: vinavyouzwa na chombo, na vinavyoondoka nawe. Kile unachotaka kubaki nacho kitoe kabla ya kupiga picha. Saa ya shaba ya babu yako ikionekana ukutani kwenye tangazo, mnunuzi ameshainunua kichwani mwake.

Hatua ya 2: Karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya baharini hupotelea kwenye meza ya mauziano, siku ambayo mnunuzi ana pesa mkononi na wewe huna hati moja.

Anza na umiliki. Unahitaji hati ya mauziano uliyopewa uliponunua, na ikiwezekana za wamiliki waliotangulia hadi kwa mjenzi. Cheti cha usajili peke yake si lazima kithibitishe umiliki. Uingereza, kwa mfano, usajili mwepesi wa vyombo vidogo hutaja bendera tu, wakati usajili kamili wa Sehemu ya Kwanza ndio unaoandika nani anamiliki nini, chombo kikigawanywa katika hisa 64. Kama hisa hizo ni zako na mwenzi wako, au na ndugu mliyenunua pamoja kisha mkakosana, saini zote zitahitajika. Itafute saini ya ndugu sasa, usisubiri mnunuzi awe amekaa anatazama saa.

Linganisha namba ya utambulisho iliyopigwa kwenye ubao wa tezi, upande wa kulia, na ile iliyoandikwa kwenye hati. Vyombo vya Marekani hubeba herufi na tarakimu 12, vya Ulaya 14. Tarakimu moja iliyokosewa na karani miaka 20 iliyopita inatosha kusimamisha mauzo, kwa hiyo isahihishe mapema.

Kisha kodi. Katika Umoja wa Ulaya swali la kwanza ni kama kodi ya ongezeko la thamani ilishalipwa, na jibu ni risiti, si kumbukumbu yako. Chombo chenye uhusiano na Uingereza huulizwa pia kilikuwa wapi tarehe 31 Desemba 2020, siku ambayo kipindi cha mpito cha kujitoa kwenye Umoja kiliisha. Risiti ya gati ya siku hiyo, ambayo wengi waliitupa, imekuwa hati ya thamani. Vyombo vilivyoingia soko la Ulaya baada ya katikati ya Juni 1998 vinatakiwa pia kuwa na alama ya CE, ya kufuata viwango vya Ulaya, na tamko la mjenzi.

Madeni nayo. Baharini deni linaweza kung'ang'ania chombo chenyewe hata kikibadilisha mmiliki: gati isiyolipwa, fundi asiyelipwa, rehani ya benki. Lipa, omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, iweke kwenye faili. Kama benki bado ina rehani, waulize sasa utaratibu wao wa kuiachia, maana benki hazina haraka yako.

Mwisho kabisa, daftari la matengenezo. Saa za injini, tarehe za mafuta na vichujio, lini nyaya za mlingoti zilibadilishwa, risiti za kila kitu. Faili nene lenye madoa ya grisi humtuliza mnunuzi kuliko maelezo yako ya nusu saa. Kama hujawahi kuandika, kaa chini upekue risiti na barua pepe zako, tengeneza orodha ya tarehe unazoweza kuzithibitisha. Usibuni hata moja.

Hatua ya 3: Jikague kabla hujakaguliwa

Mnunuzi ataleta mkaguzi wake, na mkaguzi analipwa ili atafute ubaya. Mtangulie. Unaweza kumlipa mkaguzi wa kwako. Ripoti yake haitachukua nafasi ya ile ya mnunuzi, lakini itakuonyesha utakayosikia. Au vaa nguo chakavu, chukua tochi, ufanye mwenyewe kwa siku mbili.

Valvu za maji ya bahari kwanza. Fungua na funga kila moja. Mimi niliiacha moja, ya sinki la jikoni, kwa sababu ilikuwa haijafungwa miaka na niliogopa kuigusa. Mkaguzi hakuogopa. Mpini ulikatika mkononi mwake, akanitazama bila kusema neno, akaandika. Valvu iliyogeuka rangi ya waridi imepoteza zinki na haina nguvu tena hata ikionekana nzima. Kubadilisha zote chombo kikiwa nchi kavu ni kazi ya siku chache, na ni kazi inayolipa.

Nyaya za mlingoti: bima nyingi huanza kuuliza maswali zikifika miaka 10 hadi 15, kwa hiyo mnunuzi hujiuliza nani atalipia mpya. Kama za kwako zimekaribia umri huo, ama zibadilishe ama uziseme wazi kwenye bei. Kagua vyuma vinavyoshika nyaya hizo pale vinapopenya sitaha. Chuma cha pua huoza kimyakimya pale penye unyevu pasipo hewa, na mchirizi mdogo wa kutu kwenye ubao wa ndani ndio onyo pekee utakalopata.

Sitaha, igonge kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Sauti kavu ni nzuri; sauti inayozama maana yake maji yameingia kati ya tabaka. Chini ya mstari wa maji, tafuta malengelenge kwenye faibaglasi. Machache si msiba, yapo kwenye vyombo vingi vya zamani, lakini uyataje. Tikisa usukani wa chini kwa mikono miwili uone kama unacheza. Angalia mstari wa kiungo kati ya mkuku na mwili wa chombo.

Injini ya chombo cha kuishi ina ugonjwa wake. Wengi wetu huiwasha gatini au kwenye nanga ili kuchaji betri, inazunguka polepole bila mzigo masaa kwa masaa, na dizeli haipendi hivyo. Itoe nje ukaiendeshe kwa nguvu kabla ya majaribio. Moshi mweusi ni mzigo kupita kiasi au hewa haitoshi. Wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Afadhali uujue moshi wako kabla mnunuzi hajauona.

Baada ya hapo unabaki na swali la nini kitengenezwe na nini kiachwe. Mimi naligawa hivi. Kila kinachoweza kuzamisha chombo, kukichoma au kuangusha mlingoti, tengeneza. Kila kitu kidogo kinachoonekana na ni rahisi, kama taa isiyowaka, bomba linalodondosha au bawaba iliyolegea, tengeneza pia, kwa sababu kumi kati ya hivyo humwambia mtu kwamba hata vikubwa havikutunzwa. Kinachobaki, kama skrini mpya ya ramani, matanga mapya au mito mipya, kiache. Hutarudishiwa pesa zako, na mnunuzi angependa kuchagua mwenyewe.

Hatua ya 4: Bei

Hapa wenzangu wengi huanguka, na mimi nilianguka. Unajumlisha: bei niliyonunua, paneli za sola, mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, betri mpya, nanga kubwa. Jumla ni ya kweli, lakini soko halijumlishi hivyo. Vifaa husaidia chombo kuuzika haraka kuliko vyombo vinavyofanana nacho, na hurudisha sehemu ndogo tu ya gharama. Miaka yako ya machweo kwenye nanga hairudishi kitu.

Tafuta vyombo vya muundo uleule au vinavyofanana, umri uleule, na ulize vimeuzwa kwa kiasi gani, si vinatangazwa kwa kiasi gani. Madalali wanazo takwimu za mauzo halisi. Mmiliki wa kawaida huona bei za matangazo tu, na tangazo lililokaa miaka miwili linakuonyesha bei ambayo hakuna aliyeikubali. Kumbuka pia kwamba kila mwezi unaongoja unalipa gati, bima na rangi ya chini. Punguzo unalolikataa leo linaweza kuwa dogo kuliko gharama za kungoja hadi mwakani.

Hatua ya 5: Wapi na lini

Vyombo vya safari huuzwa pale safari zinapoanzia au zinapokomea. Mwisho wa njia, baada ya kuvuka bahari kuu, wauzaji ni wengi na wanunuzi wanajua. New Zealand na Australia hupokea kila mwaka vyombo vilivyovuka Pasifiki kabla ya msimu wa vimbunga wa Novemba hadi Aprili, na wengi wa wenyewe wamechoka. Karibiani, watu hutafuta vyombo kabla ya msimu mzuri na huvikimbia kabla ya Juni, vimbunga vinapoanza.

Forodha ndiyo inayoamua mengi. Chombo cha kigeni kilichoingia Umoja wa Ulaya kwa ruhusa ya muda, ambayo kwa kawaida ni miezi 18, hakiuzwi tu hapo kama cha ndani. Mtu atalazimika kulipia uingizaji. Marekani, chombo cha kigeni kisicholipiwa ushuru hakiruhusiwi kuonyeshwa kwa mkazi wa nchi hiyo kwa ajili ya kuuzwa kikiwa kwenye maji yake, ndiyo maana matangazo mengi hubeba onyo hilo. Uliza sheria za mahali ulipo kabla hujafunga kamba za kudumu.

Hatua ya 6: Dalali au mwenyewe

Dalali kwa kawaida huchukua karibu asilimia 10, na kwa vyombo vidogo mara nyingi kuna kiwango cha chini. Kwa pesa hiyo anachuja watazamaji, anatunza arubuni kwenye akaunti tofauti, anajua mikataba. Kama umeshahamia nchi nyingine, mwajiri bila kufikiri mara mbili. Ukiwa bado upo chomboni na una subira ya kujibu ujumbe usiku, unaweza mwenyewe. Kabla ya kusaini soma kipengele kinachompa dalali haki ya kuuza peke yake: kinadumu muda gani, na je, ukimpata mnunuzi wewe, dalali bado analipwa?

Hatua ya 7: Tangazo

Picha zipigwe asubuhi mapema, sitaha ikiwa mtupu, nguo zisianikwe kwenye reli. Moja ya chombo kizima kutoka pembeni kikiwa na matanga, nyingine kikiwa nchi kavu. Ndani, usitumie lenzi inayopanua chumba hadi kitanda kifanane na uwanja wa mpira, maana mtu akifika atahisi amedanganywa kabla hajasema habari. Kisha piga zile ambazo wengine huzikwepa: ngama, chumba cha injini, nyuma ya paneli ya umeme, valvu. Picha ya ngama kavu inauza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa yoti nina shaka. Nimeviona vizuri vikioza gatini kwa sababu tangazo lilikuwa na mistari mitatu. Andika mwaka, mjenzi, vipimo, kina cha mkuku, injini na saa zake, tarehe ya nyaya, umri wa matanga, idadi na aina ya betri, hali ya kodi. Kisha aya moja ya kasoro: "Dirisha la kushoto huvuja mvua ikiwa ya upepo, jokofu lina miaka 14, sitaha karibu na nanga ina doa la unyevu la ukubwa wa sahani." Aya hiyo itawaondoa wapita njia. Atakayekuja baada ya kuisoma amekuja kununua.

Hatua ya 8: Siku ya kutazamwa

Injini iwe baridi. Mnunuzi mjuzi huigusa kabla haijawashwa, akiikuta ina moto atajua umeiwasha mapema ili isisumbue mbele yake. Fungua milango ya hewa tangu alfajiri. Mwonyeshe kila kitu kwa ufupi, kisha shuka gatini umwache peke yake na mwenzake dakika 20. Wanahitaji kukaa mezani na kusema wasiyoweza kusema mbele yako.

Usisimulie dhoruba. Ulikuwa ushujaa kwako, lakini kwa mwenzi anayesita mlangoni ni sababu ya kutonunua.

Hatua ya 9: Ofa, arubuni, ukaguzi

Ofa iwe kwa maandishi, na iseme inategemea nini: ukaguzi, majaribio ya baharini, bima, mkopo. Arubuni ya asilimia 10 ndiyo desturi, ikae kwa dalali au mwanasheria, na mkataba useme wazi lini inarudishwa. Gharama ya ukaguzi na ya kupandisha chombo kwa kreni ni ya mnunuzi. Wewe unatoa chombo, funguo na siku nzima ya uvumilivu.

Ripoti itakuwa ndefu na ya kuumiza. Isome kesho yake. Tenganisha mambo ya usalama ambayo hayakutajwa, hayo yajadili kwa haki, na uchakavu wa kawaida ambao bei yako ilishauhesabu. Ndiyo faida ya ile aya ya kasoro: doa la sitaha ulilolitangaza haliwezi kutumika tena kukata bei. Ukikubali kupunguza, punguza pesa badala ya kuahidi matengenezo, la sivyo utabaki fundi wa chombo cha mtu mwingine.

Jihadhari na anayenunua bila kuona. Akituma hundi inayozidi bei na kuomba ziada uilipe kwa "wakala wa usafirishaji", ni tapeli. Hundi itarudi baada ya wiki kadhaa, na ziada uliyotuma itakuwa imekwenda. Ithibitishe pesa kwa kuipigia benki yako mwenyewe, kwa namba uliyonayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe.

Hatua ya 10: Makabidhiano

Hati ya mauziano isainiwe pesa ikishatulia. Andika tarehe, saa na mahali chombo kilipokuwa, kwa sababu bima na kodi vyote vinaweza kuuliza. Omba kufutwa kwa usajili wako ikiwa bendera inabadilika. Futa jina lako kwenye usajili wa EPIRB ya megahazi 406, kifaa cha dharura kinachowatumia waokoaji ishara, na umweleze mmiliki mpya kwamba msimbo wake hubeba nchi ya usajili; akibadilisha bendera kinahitaji kupangwa upya. Namba ya redio ya tarakimu 9, inayokitambulisha chombo hewani, nayo ni ya bendera. Kama hukufuta jina lako, siku akibonyeza kitufe cha dharura waokoaji watakupigia simu wewe, uliyelala nyumbani.

Bima yako isikatwe mpaka nakala yenye saini zote iwe mkononi.

Mpe nusu siku. Mwonyeshe valvu zote, namna ya kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, mpini wa pampu ya mkono unakaa wapi. Mwachie kurasa chache ulizoandika kwa mkono, na namba yako ya simu. Wa kwetu alipiga baada ya wiki tatu, saa nne usiku: pampu ya maji ilikuwa inaguruma yenyewe kila baada ya dakika chache, na alishainua mbao zote za sakafu akitafuta panapovuja. Nikamwambia akaze bomba la sinki la kuogea, zungusha kidogo kushoto kwanza, kisha kulia.